Saa ya kupima presha, simu mpya: Mzazi, kabla hujatoa hela

Dar es Salaam. Mama yangu ana miaka 61 na ni mgonjwa wa presha tangu mwaka 2017. Anatumia dawa mbili, moja asubuhi na nyingine jioni, na kila mwezi alikuwa anakwenda kupimwa kwenye zahanati iliyo jirani na nyumbani kwake Mbagala.

Alikuwa. Desemba mwaka jana kaka yangu alimletea zawadi ya saa janja kutoka Kariakoo, aliyoinunua Sh45,000. Ina kioo kikubwa na mkanda mweusi wa mpira. Ukiibonyeza inawasha taa ya kijani kwa chini, inatafuta kidogo, kisha inaandika namba mbili: 121 kwa 79. Mama aliipenda kuliko kifaa chochote nilichowahi kumuona nacho. Aliwapima majirani. Wanachama wenzake wa kikoba nao walipimwa, na wote, kwa maelezo yake, walikutwa wazima.

Februari nilikwenda kumsalimia, nikamkuta analalamika kichwa kinamgonga upande wa kisogoni. Nikamuuliza kuhusu dawa.

“Dawa nimezipumzisha kidogo, mwanangu,” akanijibu. “Saa inasema nipo sawa, sasa nimeze za nini?”

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeiona saa ile mkononi mwake kwenye picha za WhatsApp na sikuuliza hata swali moja, jambo ambalo hadi leo linanipa aibu. Jikoni kulikuwa na ndizi mzuzu. Nikaivua saa mkononi kwa mama, nikaifunga kwenye ndizi, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, ikatafuta kidogo, halafu ikaandika 118 kwa 76.

Mama aliitazama ndizi ile muda mrefu bila kusema neno. Jioni hiyohiyo, kwenye zahanati, kwa mashine ya kufunga mkono, alikutwa na 172 kwa 104.

Siku hiyo tulibahatika, maana hakuwa amepata kiharusi. Lakini tukiwa bado tumekaa kwenye benchi la zahanati, kaka alinipigia kuniambia ameshatenga Sh520,000 za kumbadilishia mama simu, kwa sababu ya zamani “imekufa chaji”. Nikamuomba asubiri wiki moja. Yaliyo hapa chini ndiyo niliyoyafanya wiki hiyo, na ndiyo maswali ambayo wazazi wengi hutuuliza kila bidhaa mpya inapoingia mtaani.

Saa inapima nini hasa?

Taa ile ya kijani ina kazi ya kweli. Kila moyo unapodunda, damu chini ya ngozi huongezeka na kupungua, na mwanga unaorudi kwenye saa hubadilika kidogo. Saa inahesabu mabadiliko hayo na kukupa mapigo ya moyo kwa dakika. Kwa kuhesabu mapigo na hatua, saa nyingi zinajitahidi, hasa ukiwa umetulia.

Presha ni kitu kingine. Ni nguvu ambayo damu inaisukuma nayo mishipa, na njia iliyozoeleka ya kuipima nje ya mwili ni kuubana mshipa kwa mkanda uliojaa hewa hadi damu isimame, kisha kuuachia taratibu. Saa ya Sh45,000 haibani kitu. Inachofanya ni kukisia, na nyingine zinakisia kutokana na umri na jinsia ulivyojaza siku ya kwanza. Ndiyo maana hata ndizi inaweza kutoka na presha nzuri.

Zipo kampuni kubwa zilizofika mbali zaidi. Saa za Samsung Galaxy Watch, kwa mfano, zina kipimo cha presha katika baadhi ya nchi, lakini kampuni yenyewe inamtaka mtumiaji ailinganishe saa na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Maana yake, hata ukinunua saa ya bei hiyo, mashine bado utaihitaji.

Kuhusu kisukari mambo yako wazi zaidi. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kwa umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Ilieleza kuwa mgonjwa anayefuata namba hizo anaweza kujidunga insulini nyingi kupita kiasi na kupoteza fahamu, hata maisha. Saa za aina hiyo zinauzwa hapa mjini na zinatangazwa Instagram kila siku. Ukiona saa imeandikwa inapima sukari bila tone la damu, iache dukani, kwa bei yoyote.

Kipimo cha hewa ya oksijeni nacho kina kasoro ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuifahamu. Desemba 2020, watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuwa hata vile vipimo vya kubana kidole vya hospitali viliwapita bila kuwaona wagonjwa weusi wenye upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Kama kipimo cha hospitali kina tatizo hilo, cha saa ya bei rahisi sikitegemei kwa mtoto mwenye nimonia. Mtoto anayepumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, anapelekwa hospitali hata kama namba inasema 98.

Pale ambapo hela inastahili kutoka

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2021 ilieleza kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu mara nyingi presha haiumi. Kichwa cha mama kiligonga, na bila hicho nisingeuliza.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna mgonjwa wa presha, mjamzito aliyeambiwa aangaliwe, au mzee, kifaa ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote ni mashine ya kupimia presha ya kufunga juu ya kiwiko. Katika maduka ya dawa niliyopita, bei zilianzia Sh70,000 hadi Sh150,000. Zile ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni rahisi kubeba, ila usahihi wake unategemea sana mkono umeuweka wapi, na wazee wengi hawakai hivyo.

Usinunue kwa kuangalia rangi ya boksi. Andika jina la mashine na namba ya toleo lake, kisha tafuta kwenye tovuti ya STRIDE BP, ambayo inaorodhesha bila malipo mashine zilizofanyiwa majaribio ya usahihi. Muulize muuzaji kuhusu ukubwa wa mkanda pia. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli. Siku ya kliniki nenda na mashine yako, upimwe kwa yao na kwa yako, muone kama zinaelewana.

Mama sasa anapima hivi: anakaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini, dakika tano bila simu wala maongezi, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Anapima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au kuzidi, ni wa kuupeleka kwa daktari. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Na namba ikiwa nzuri maana yake dawa inafanya kazi. Kuiacha ni kwa ruhusa ya daktari peke yake.

Simu “iliyokufa”

Jumatatu niliichukua simu ya mama nikaenda nayo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Ina miaka minne. Malalamiko yalikuwa matatu: haikai na chaji, chaji yenyewe mpaka uukunje waya, na inaganda.

Fundi aliwasha tochi, akaichungulia sehemu ya kuchomekea chaji, ambayo mafundi wanaiita sistimu chaji, kisha akachukua kijiti chembamba cha mti na kuanza kuchokonoa. Kilitoka kipande cha pamba kilichoshindiliwa kama kizibo, nyuzi za kanga na vumbi la mkoba la miaka minne. Waya ukaingia hadi mwisho. Kwa kazi hiyo hakutoza kitu. (Nyumbani ukijaribu, zima simu kwanza na usitumie pini wala sindano.)

La pili lilikuwa betri. Betri za simu zetu ni za lithiamu na zinachoka kwa kutumika, si kwa ubovu. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Anayejaza simu kila siku anafika mizunguko 500 ndani ya mwaka na nusu hivi. Joto ndilo linaloziua haraka zaidi: simu kulazwa chini ya mto ikiwa kwenye chaji, au kuachwa mbele ya gari juani. Betri mpya pamoja na ufundi ilikuwa Sh35,000.

La tatu lilikuwa letu wenyewe. WhatsApp ya mama ilikuwa na gigabaiti 11 za video za vikundi, nyingi zikiwa za kutakiana asubuhi njema na zilezile zikirudi kutoka vikundi vinne. Tukafuta zisizohitajika, tukaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, tukazima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Simu ikaacha kuganda siku hiyohiyo.

Sisemi simu isibadilishwe. Kuna simu ambayo muda wake umekwisha kweli. Tangu Januari 2025, WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0, na tangu Mei mwaka huo haifanyi kazi kwenye iPhone zisizofika iOS 15.1. Simu ambayo haipokei tena masasisho ya usalama, na ndiyo unayohifadhia hela za familia, nayo ni ya kuiwekea mpango. Kipimo changu binafsi ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya simu nyingine nzima ya aina ileile, ninaacha kutengeneza.

Ambalo sioni sababu ya kulipia ni kamera yenye namba kubwa. Mzazi anaongeza Sh200,000 ili atoke megapikseli 50 kwenda 108, halafu picha za mahafali anazituma WhatsApp, ambayo kwa kawaida inazibana picha kabla ya kuzituma. Anayezipokea hataona hizo Sh200,000.

Na ukiamua kununua, bonyeza *#06# ukiwa bado umesimama dukani, zitokee namba za IMEI, uzilinganishe na za kwenye boksi na uzitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Wanaokumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozizima simu bandia, wanajua hasara ya kulala na simu na kuamka na kipande cha plastiki.

Vinavyoning’inia ukutani

Nikiwa nasubiri betri iwekwe, nilikuwa na saa nzima ya kuangalia ukuta wa fundi. Kulikuwa na kava, protekta, chaja, stika, miwani, hedifoni, mpaka vijiko vya kushikia simu. Kava na protekta sina ugomvi navyo. Mama ameangusha simu mara nyingi, na kioo kipya cha simu yake fundi alinitajia Sh90,000.

Chaja ndiyo ambayo sitaki mtu abanie hela. Umeme wetu ni volti 230, na kinachouzuia usifike kwenye simu iliyo mkononi mwa mtoto ni vitu vidogo vilivyo ndani ya chaja hiyo, ambavyo ndivyo vya kwanza kupunguzwa ili iuzwe Sh3,000. Chaja inayochemka hadi huwezi kuishika, au inayotoa harufu, itupe. Wakati huohuo usidanganywe na namba za wati. Simu iliyotengenezwa kupokea wati 18 itapokea 18 hata ukiichomeka kwenye chaja ya 67. Hailipuki, wala haijai haraka zaidi. Angalia simu yako inapokea ngapi, ununue hiyo, ya kampuni inayojulikana. Ya mama ilikuwa Sh25,000.

Stika za “kuzuia mionzi” zilikuwa Sh5,000 moja, na mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu, mjamzito, alinunua mbili. Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) imewahi kuwaonya wananchi kuwa hakuna uthibitisho wa kisayansi kwamba vitu hivyo vinapunguza mionzi, na kwamba vinaweza hata kuivuruga simu ikalazimika kutumia nguvu zaidi kutafuta mtandao. Nilimwambia, akanishukuru, akanunua hivyohivyo. Kama jambo hilo linakusumbua, weka sauti ya nje au tumia hedifoni, simu ikae mbali na mwili. Ni bure.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wifi yangu alishamnunulia mtoto wake wa darasa la sita. Mtoto alikuwa anasugua macho na kulalamika kichwa baada ya kuangalia kishkwambi. Mapitio ya Cochrane yaliyochapishwa Agosti 2023, yaliyokusanya majaribio 17, yalionyesha kuwa kwa muda mfupi miwani hiyo pengine haina tofauti na miwani ya kawaida katika kupunguza uchovu wa macho unaotokana na kompyuta. Macho yanachoka kwa sababu tunapokodolea kioo tunapepesa kope mara chache, yanakauka, na kwa sababu tunaangalia karibu kwa saa nyingi.

Hasara hapa ilikuwa zaidi ya Sh15,000 za miwani. Baada ya kuvalishwa, kila mtu nyumbani aliona tatizo limeshughulikiwa. Nilipomuuliza shangazi yake huyu kama anaona ubaoni akiwa nyuma ya darasa, mtoto alisema anahamia mbele kwa rafiki yake ili anakili. Alipopelekwa kupimwa alikutwa haoni mbali vizuri. Miwani aliyoihitaji ilikuwa nyingine kabisa, na muhula mzima ulikuwa umepita.

Hedifoni zina upande wake. WHO inakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa, na kwa watoto inashauri wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kijana akipanda daladala, kelele za injini na redio zinamfanya aongeze sauti bila kujua. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri zinamruhusu asikilize kwa sauti ya chini, kwa hiyo hapo kulipa zaidi kidogo kuna faida. Weka kikomo cha sauti kwenye mipangilio ya simu, asilimia 60 ni pa kuanzia.

Kuna kimoja nilikiona kwenye kona ya chini, usawa wa mtoto wa miaka miwili: vinyago vya kuwaka taa na rimoti ndogo zinazotumia betri bapa za mviringo kama sarafu. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kooni, inaweza kuchoma njia ya chakula ndani ya saa mbili, hata kama betri imeisha. Kifaa ambacho kifuniko chake cha betri hakifungwi kwa skrubu hakiingii nyumbani kwetu tena. Mtoto akidhaniwa kumeza, ni hospitali moja kwa moja, usimtapishe.

Mwisho wa wiki nilimpigia kaka hesabu: betri Sh35,000, chaja Sh25,000, kava na protekta Sh15,000, mashine ya presha Sh95,000. Jumla Sh170,000. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nina uhakika simu itadumu. Nikamwambia sina, lakini ikidumu mwaka mmoja tu imeshalipa. Zile Sh350,000 zilizobaki hajasema amezifanyia nini.

Mama amerudi kwenye dawa na daktari amembadilishia moja. Anaandika namba zake kwenye daftari la shule la kurasa 40, lenye mistari aliyoipiga kwa rula: tarehe, asubuhi, jioni. Ya juzi jioni ilikuwa 134 kwa 82. Saa ameichukua mjukuu wake, anahesabia hatua za kwenda na kurudi shule.